Aliyesamehe na Atoe Ushahidi

Kuna hoja inayosikika kwenye vikao vya ukoo, kwenye jumuiya ndogondogo na mara nyingine hata mimbarini, nayo ndiyo iliyonisukuma kuzungumza leo. Inasema hivi: Mkristo aliyeumizwa kwa makusudi akishasamehe, kesi imekwisha. Aende polisi akaseme yamemalizwa nyumbani. Akiletewa samansi, asionekane mahakamani. Akionekana, basi msamaha wake ulikuwa wa mdomoni. Nitaipinga hoja hii kwa urefu, kwa sababu wanaoisema ni watu wema wanaotafuta amani, na wengi huwatii kwa wema wao. Kwamba Mkristo amekatazwa kulipiza kisasi, na kwamba Sala ya Bwana imefungamanisha msamaha tunaouomba na ule tunaoutoa, sina haja ya kuyathibitisha mbele ya hadhara hii.

Bonde hili la Ziwa Rukwa halihitaji kufundishwa maana ya kuumizwa kwa makusudi. Februari 2013, katika muda wa siku chache tu, mkoa wetu ulishuhudia mashambulio mawili dhidi ya watu wenye ualbino: mama mmoja upande wa Kalambo alikatwa mkono usiku, na mtoto wa shule huku bondeni akakatwa wa kwake. Wavamizi wa namna hii hutafuta kiungo, kwa kuwa kuna aliyewaaminisha kwamba kinauzika. Na katika matukio kama haya nchini, polisi wamewahi kuwakamata hata ndugu wa familia. Hapo ndipo hoja ya kumaliza mambo nyumbani inapoonyesha ubovu wake, maana panga lenyewe laweza kuwa lilianzia nyumbani. Nani atakalia kiti katika kikao hicho cha ukoo, na atamwambia nini mama anayejifunza kufunga kitenge kwa mkono mmoja?

Najua lipo pia jibu la hasira. Mwanzoni mwa 2009 Mizengo Pinda, akiwa Waziri Mkuu, naye ni mwana wa Mpimbwe, kaskazini mwa bonde hili hili, alisema hadharani kwamba wanaowaua wenye ualbino nao wauawe. Kauli ilipoletwa bungeni, alilia. Machozi yale nayaheshimu, kwa kuwa viongozi wengi hawakuwa na chozi lolote kwa watu wale. Kauli yenyewe siwezi kuikubali. Lakini tazameni jambo moja. Anayetaka wauawe papo hapo na anayetaka yaishe nyumbani huonekana kama mahasimu, kumbe wote wawili wamemwondoa hakimu. Mmoja hataki mtuhumiwa asikilizwe, mwingine hataki aliyeumizwa asikilizwe.

Hoja ya wazee wa ukoo ina nguvu yake, nami nitaieleza kwa ubora wake. Kupanda kutoka huku hadi Sumbawanga mjini ni nauli, ni siku ya shamba iliyopotea, na shauri likiahirishwa ni nauli nyingine. Mshitakiwa akiachiwa, atachota maji kisima kile kile na atakaa benchi lile lile kanisani. Kikao cha ukoo hukaa jioni moja, hutoza fidia, watu hushikana mikono. Kwa ugomvi wa mpaka wa shamba, matusi ya kilabuni au ng'ombe walioingia kwenye mahindi, nawaunga mkono wazee bila kusita. Hata sheria yetu ya mwenendo wa makosa ya jinai inairuhusu mahakama kuhimiza mapatano katika makosa madogo yanayowahusu watu binafsi. Jinai nzito ni jambo jingine. Anayeshitaki ni Jamhuri, na mama yule ni shahidi. Ana uwezo wa kusamehe jeraha lake mwenyewe, lakini hana uwezo wa kusamehe kwa niaba ya mtoto wa kijiji cha pili ambaye bado hajavamiwa. Anaposhinikizwa kunyamaza, chuki yake inaweza kubaki nzima moyoni. Kilichoondolewa ni ukweli. Na umbali wa mahakama ni sababu ya kudai mahakama isogezwe. Tusiubatize ukosefu wa nauli tukauita utakatifu.

Turudi kwenye Maandiko. Mathayo 18 husomwa kwetu kuanzia pale Petro anapouliza asamehe mara ngapi, na ni wachache wanaojiuliza kilichomfanya aulize. Mistari michache kabla yake Yesu ametoka kueleza utaratibu: ukikosewa na ndugu, mkabili, asiposikia, chukua mtu mmoja au wawili wawe mashahidi, akikataa bado, liambie kanisa. Msamaha usio na hesabu umejengwa juu ya utaratibu wenye mashahidi. Luka 17 inasema jambo hilo kwa kifupi zaidi, na huko pia onyo linatangulia.

Lakini andiko ninaloliona kuwa shule kamili ya jambo hili ni habari za Yusufu, kuanzia Mwanzo 37 hadi 50, na naomba uvumilivu wenu nikae hapo. Ndugu zake walimwuza kwa vipande ishirini vya fedha, na wazo la kuuza lilikuwa la Yuda. Miaka ikapita, njaa ikawaleta Misri, wakamwinamia bila kumjua. Angetaka kisasi, gereza lilikuwa chini ya mamlaka yake. Angetaka msamaha wa haraka tunaouhubiri sisi, angewakumbatia siku ile ile. Aliwahoji kwa ukali, akawaweka kifungoni siku tatu, akadai waje na Benyamini. Ndipo, wakidhani hawaelewi kwa kuwa alisema nao kupitia mkalimani, wakaanza kukiri wao kwa wao kwamba waliiona dhiki ya mdogo wao wasimsikilize. Yusufu akajitenga akalia, kisha akarudi akamfunga Simeoni mbele ya macho yao. Huyu ni mtu ambaye moyo wake umekwisha kulainika, na bado hajafunga uchunguzi! Kikombe kinatiwa katika gunia la Benyamini ili ndugu wasimame tena pale pale pa zamani: mtoto kipenzi wa baba yuko hatarini, nao wana nafasi ya kumwacha na kwenda zao. Safari hii Yuda anajitoa awe mtumwa badala ya mdogo wake. Hapo tu ndipo Yusufu anajitambulisha, na katika kujitambulisha analitaja kosa waziwazi, kwamba yeye ndiye waliyemwuza Misri. Machozi na ushahidi vinatoka kwa mtu yule yule, saa ile ile.

Mwisho wa habari hizo hauhubiriwi vya kutosha. Yakobo anafariki, ndugu wanaingiwa na hofu, wanampelekea Yusufu ujumbe kwamba marehemu baba aliagiza wasamehewe. Litafuteni agizo hilo katika maneno ya Yakobo mwenyewe yaliyoandikwa, hamtalikuta. Mimi nasoma kwamba walilitunga. Ni mbinu ile ile tunayoijua, jina la mzee kutumiwa kumbana aliyeumizwa. Yusufu analia tena, anakataa kushika nafasi ya Mungu, na bado anawaambia kwamba walimkusudia mabaya. Msamaha wake ulikuwa umetoka kwake zamani, na agizo la kubuni halikuuongezea kitu.

Wapo wasomi wenzangu watakaosema kwamba Ufipa ilikuwa na njia yake ya msamaha, na mfano wanaoupenda ni Kamchape, harakati ya kusafisha wachawi iliyopita vijijini 1963 na 1964. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyekuwa Ufipa miaka hiyo, aliiandikia makala iliyochapishwa 1968, na kila mwenye kujali historia yetu anapaswa kuisoma. Waliotajwa kuwa wachawi walichanjwa dawa, kisha wakapokelewa tena kijijini, ikiaminiwa kwamba atakayerudia uchawi ataangamizwa na dawa hiyo. Nakubali kwamba kumrudisha mtu kijijini badala ya kumwua si jambo dogo. Lakini mtu ambaye hakumdhuru yeyote alisafishwa kosa ambalo halikuwepo, na waliomsingizia hawakuhojiwa. Msamaha wa kweli unahitaji tendo la kweli, lililofanywa na mtu anayejulikana. Kamchape ilisamehe kabla ya kuthibitisha, na kikao cha ukoo kinachofuta kesi ya panga kinafanya vivyo hivyo kutoka upande wa pili.

Watanijibu kwa msalaba: Yesu aliwaombea waliomsulubisha bila kungoja watubu. Ni kweli, na ndiyo maana simtaki aliyeumizwa angoje toba ya mbaya wake ndipo aache kumchukia. Angengoja hadi kaburini. Ila aliyeomba pale ni yule mwenye majeraha. Hakuna mtume aliyesamehe kwa niaba yake. Watanijibu kwa shavu la pili, nami nitawaonyesha Yohana 18: alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu, Yesu alimtaka mpigaji aonyeshe ubaya uko wapi. Watanijibu kwa Paulo, aliyewakemea Wakorintho kwa kushitakiana. Wale waligombania mambo ya maisha, kudhulumiana na kunyang'anyana. Paulo huyo huyo, alipopigwa viboko Filipi bila kuhukumiwa, alikataa kutolewa gerezani kwa siri mpaka mahakimu waje wenyewe, na mbele ya Festo akakata rufaa kwa Kaisari.

Kutoka karne iliyopita namchukua Festo Kivengere, aliyekuwa askofu wa Kigezi nchini Uganda, ambaye kabla ya hapo alifundisha Dodoma. Februari 1977 maaskofu wa Kanisa la Uganda walimwandikia Idi Amin wakipinga mauaji. Siku chache baadaye Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa, na Kivengere akatoroka kwa miguu kuvuka milima hadi Rwanda. Mwaka huo huo alitoa kitabu chenye jina linalotangaza kwamba anampenda Amin, na katika kitabu hicho hicho akausimulia ulimwengu mauaji ya utawala ule. Amin hakutubu hadharani, wala hakupandishwa kizimbani hadi alipofia Saudi Arabia 2003. Naamini, na hakuna hoja iliyonitoa hapo, kwamba aliyesamehe ndiye shahidi bora kuliko wote. Hana haja ya kutia chumvi ili mshitakiwa afungwe zaidi, wala hana haja ya kupunguza ili aonekane mwema.

Limebaki swali la wazee, nalo ni la haki: wataishije tena pamoja? Naona tunachanganya kusamehe na kurudiana. Yusufu aliwalisha ndugu zake miaka yote ya njaa iliyobaki, wao na watoto wao, lakini hakuwaweka nyumbani mwake. Aliwapa Gosheni, nchi nzuri ya malisho, karibu naye kiasi cha kuwahudumia, na huko wakakaa na mifugo yao. Mama aliyekatwa mkono anaweza kumwombea mfungwa na hata kumpelekea unga gerezani Sumbawanga, na siku mtu huyo akimaliza kifungo, asipangiwe na padre, mchungaji wala mjomba kumfungulia mlango.