Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Bariadi)



Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Katika vijiji vya Mkoa wa Simiyu vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na Pori la Akiba la Maswa, mgeni ni mtalii. Mkulima wa pamba anauliza swali moja tu: Je, mwenyeji amepona?

Swali hilo lina historia. Serengeti ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1951, na mipaka yake ikabadilishwa mwaka 1959. Pori la Maswa likafuata mwaka 1962. Miaka hiyo hiyo Wasukuma walikuwa wakisogea mashariki na ng'ombe wao, wakifyeka na kulima. Mipaka ya pori ilirekebishwa zaidi ya mara moja, lakini ugomvi haukuisha.

Manung'uniko ya wenyeji ni matatu.

La kwanza ni njia ya fedha. Watalii wengi huanzia safari Arusha, hupita Ngorongoro na lango la Naabi, hulala kambini ndani ya hifadhi, kisha hurudi Arusha. Wawindaji wa kitalii huingia Maswa na kutoka bila kununua hata yai kijijini. Madarasa na zahanati zilizojengwa kwa mpango wa Ujirani Mwema wa TANAPA ni jambo jema, lakini haziingii mfukoni mwa mkulima aliyepoteza shamba.

La pili ni tembo. Mahindi na mtama uliopaliliwa miezi mitatu huliwa na kukanyagwa usiku mmoja. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho cha shilingi 25,000 hadi 100,000 kwa ekari, kwa kutegemea umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, na si zaidi ya ekari 5. Kwa aliyeuawa na mnyama, familia ilipangiwa shilingi 1,000,000. Jina lenyewe linasema kweli: ni kufuta jasho, si kulipa fidia.

La tatu ni mpaka wenyewe. Kiangazi kikikaza, ng'ombe huvuka kufuata majani na maji. Hukamatwa, na mwenyewe hutozwa faini. Januari 2019 Rais John Magufuli aliagiza kusitishwa kwa uondoaji wa vijiji vilivyomo katika maeneo ya hifadhi, na baadaye mwaka huo Serikali ikaamua vijiji 920 kati ya 975 vibaki. Uamuzi huo ulituliza wengi, lakini haukuongeza malisho.

Hata hivyo, haki ina pande mbili. Mtalii hakuchora mpaka, wala hakumtuma tembo shambani. Amelipa kiingilio ili aone wanyama walio hai, na mnyama akiisha, naye hatarudi. Tarehe 29 Januari 2016 rubani Mwingereza, Roger Gower, alipigwa risasi na majangili wa tembo katika Pori la Maswa, akafariki akiwa katika doria. Anayenunua nyama ya porini kwa siri gulioni na ajue kwamba anailisha kazi hiyo ya ujangili.

Ndugu Wanaushirika, mwaka 1955 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walipounda Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, wakiongozwa na Paul Bomani, walikuwa na kilio kimoja: mkulima mmoja mmoja hakuwa na sauti mbele ya mizani ya mnunuzi. Mbele ya utalii, hali ni ile ile. Dawa nayo ni ile ile.

Kwanza, kila katibu aweke daftari la uharibifu: tarehe, jina la mwanachama, zao, ekari, na saini ya mtendaji wa kijiji. Taarifa ipelekwe mapema kwa Afisa Wanyamapori wa Wilaya. Dai lisiloandikwa ni malalamiko tu. Viwango vinavyotumika sasa viulizwe Halmashauri, navyo vibandikwe ofisini.

Pili, chama kitafute soko la kambi. Mpishi wa kambi hawezi kumtegemea mtu mmoja mwenye trei mbili za mayai. Anaweza kukitegemea chama kinacholeta mayai, mboga, kuku na asali kila juma, kwa uzito na ubora uliokubaliwa. Mikataba iandikwe.

Tatu, penye jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori, kama ile ya Makao wilayani Meatu, wanachama wahudhurie mkutano mkuu wa kijiji na wadai kusomewa mapato na matumizi. Ardhi iliyotengwa na kijiji ni mtaji wa kijiji, na mwenye mtaji ana haki ya hesabu.

Hayo hayatamaliza ugomvi wa mpaka. Huo ni wa kuzungumzwa na Serikali, mezani, kwa ramani na kwa subira. Lakini mkulima mwenye daftari, soko na hesabu mkononi atakwenda kwenye meza hiyo akiwa mwenyeji, si mwombaji. Hapo ndipo mgeni atakapokaribishwa kwa moyo, na methali ya wahenga itakapotimia.