Kigae hakiponyi ukuta mgonjwa

Ndugu msikilizaji, juma hili naomba tuingie jikoni. Najua wanaume wengi tunalijua jiko kwa harufu ya mboga tu, lakini leo tuvumiliane. Nataka tuutazame ukuta wa nyuma ya jiko, ule unaorukiwa na mafuta, mchuzi na masizi kila siku, na hakuna anayeuuliza hali.

Mama yangu anaishi Nyaishozi, kule Karagwe. Jiko lake ni la tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo, na lipu yake ni ya udongo vile vile. Nilipokwenda likizo niliuona ukuta ule umekuwa mweusi kama sufuria ya msibani. Nikaona aibu. Mtoto anayesikika redioni, mama yake anapikia pangoni! Nikanunua vigae vyeupe Bukoba, nikavipakia kwenye basi, tukapita Kyaka mpaka nyumbani.

Hesabu niliipiga vizuri. Ukuta ulikuwa na urefu wa sentimita 180 na kimo cha sentimita 60. Kigae kimoja ni sentimita 30 kwa 20. Hivyo ni vigae sita kwa mistari mitatu, jumla 18. Nikaongeza viwili vya kuvunjika, vikawa 20. Kosa langu lilikuwa jingine. Nilimwambia fundi, "Nina siku mbili tu, bandika." Akabandika juu ya masizi. Majirani wakaja kutazama, wakasifu. Nami nikasifika.

Wiki ya tatu nikapigiwa simu. Mstari wa juu wote ulikuwa umeanguka usiku, vigae vimepasuka juu ya mafiga, mahali ambapo jioni ile mjukuu alikuwa amekaa akimenya ndizi. Mama hakunilaumu. Alisema tu, "Mwanangu, umeniletea ukuta wa kuogopa."

Nilirudi. Tulipobandua vigae vilivyobaki, tukaona jambo lililonitia baridi. Nyuma yake kulikuwa na ufa wa kupitisha kidole. Mama akasema ufa huo ni wa tangu tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lile lililoangusha nyumba nyingi katika mkoa wetu wa Kagera. Yeye alikuwa anaujua. Mimi na fundi tuliuficha kwa vigae vyeupe, tukaita maendeleo.

Sasa basi, msikilizaji, fundi wa pili alitufundisha kazi. Kwanza aliondoa lipu yote ya udongo mpaka kwenye tofali, maana udongo hulika na kuvimba kila unyevu unapokuja na kuondoka, nao saruji haushikani nao. Ufa akausafisha, akaujaza, akapigilia wavu wa kuku juu yake. Akalowesha ukuta, akapiga lipu ya saruji na mchanga, akaikwaruza ikiwa mbichi ili ipate meno. Akaiacha siku kadhaa, akiimwagia maji asubuhi na jioni.

Vigae akavilaza ndani ya ndoo ya maji kabla ya kuvitumia, kwa sababu kigae kikavu hunyonya maji ya saruji, na saruji iliyonyonywa haishiki. Akapima kwa pima maji, akaanzia mstari wa chini juu ya ubao ulionyooka, akiacha nafasi ndogo kati ya kigae na kigae. Kesho yake ndipo akajaza nafasi hizo kwa saruji nyeupe. Moto ukakatazwa karibu na ukuta ule kwa wiki nzima, tukapikia uani.

Na wewe usiye na fedha za vigae usijidharau. Ukuta wa saruji uliopigwa niru laini hufutika kwa kitambaa na sabuni. Mwenye fedha achague kigae laini kisicho na michoro ya mashimo, maana mashimo hutunza mafuta. Rangi ya mafuta karibu na mwali wa kuni iache. Hubabuka, na inaweza kushika moto.

Kazi ilipokwisha, mama alipitisha kitambaa kibichi, masizi yakatoka. Akatabasamu. Kisha akakohoa, akaniuliza, "Ukuta umepona. Na moshi je?"

Sikuwa na jibu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, nami nilikuwa nimetumia fedha zangu kuuosha ukuta, nikayasahau mapafu ya anayesimama mbele yake. Kabla ya kuondoka tulipanua dirisha na kutoboa tundu la moshi juu ya mafiga. Mtungi wa gesi umefuata baadaye.

Msikilizaji, unapotaka kupamba nyumba ya mzazi, anza kwa kumuuliza yeye. Ufa anaujua. Tukutane juma lijalo.