Presha ya Kupanda na ya Kushuka

Presha huhesabiwa kuwa ya kupanda vipimo vya siku tofauti vinapofika 140 kwa 90 au zaidi. Kipimo kimoja baada ya kupanda ngazi hakithibitishi kitu. Mara nyingi hakuna chanzo kimoja: kuna urithi, umri, unene, pombe na chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isifike gramu 5 kwa siku, pungufu kidogo ya kijiko cha chai. Chipsi zilizotiwa chumvi jikoni zikinyunyiziwa tena mezani, na kachumbari ikiwa na yake, kiasi hicho huisha mapema. Ugonjwa wenyewe kwa kawaida hauumi, na hapo ndipo ubaya wake ulipo: mgonjwa hujiona mzima, huacha vidonge, kisha figo, moyo au ubongo huathirika. Dawa kama amlodipini humezwa hata kipimo kikiwa kizuri, maana uzuri huo ni kazi ya dawa.

Presha ya kushuka, chini ya 90 kwa 60, isiyo na dalili kwa kawaida haihitaji tiba. Kizunguzungu cha kusimama ghafla huweza kuletwa na kuhara, upungufu wa maji mwilini au dawa za presha zenyewe. Kunywa maji na kuinuka taratibu husaidia. Anayezimia au kutokwa damu nyingi apelekwe hospitali mara moja.