Saa ya Bei Kubwa na Mahitaji ya Kila Siku

(Mazungumzo ya Padre na viongozi wa walei katika semina ya parokia)



Nimeomba nafasi hii kwa ajili ya jambo linalonihusu mimi mwenyewe. Nimepata habari kwamba mmepanga kunizawadia saa katika kumbukumbu ya miaka 15 ya upadre wangu. Ni moja ya zile ziitwazo saa janja, aina ya Apple Watch Ultra, ambayo ilipotoka mwaka 2022 iliuzwa dola 799 za Marekani, yaani takriban shilingi milioni mbili. Nimeambiwa pia kwamba kila kaya imepangiwa kiasi cha kuchangia, na kwamba katika Jumuiya mbili majina ya wasiochangia yamesomwa mbele ya watu.

Nawashukuru kwa upendo wenu. Mnajua kwamba baba yangu alifariki kwa kiharusi, na kwamba mimi ninatumia dawa za presha. Mlisema, "Saa hii itamlinda Padre." Nia hiyo ni njema. Lakini kabla fedha ya mkulima haijatoka mfukoni mwake, yatupasa kuuliza: je, saa hii inastahili bei yake kwa matumizi ya kila siku? Nisije nikasema kwa kubahatisha, niliazima saa ya namna hiyo kwa jamaa yangu, pamoja na simu yake, maana saa ile haikubali kuunganishwa na simu niliyo nayo. Nikaivaa wiki nne.

1. Mema yake

Tusiidharau. Saa hii humulika ngozi kwa mwanga wa kijani, na kwa jinsi damu inavyoupokea mwanga huo huhesabu mapigo ya moyo. Tangu mwaka 2018 zimekuwako pia zinazoweza kuchora mwenendo wa umeme wa moyo na kutambua mtu aliyeanguka kwa kishindo. Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani kiliwafuatilia watu zaidi ya 400,000 waliovaa saa hizi, na matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Waliopata onyo la mapigo yasiyo na mpangilio walikuwa zaidi ya 2,100. Kati ya hao, 450 walivaa kipimo cha hospitali na kukirudisha, na asilimia 34 yao wakaonekana kuwa na kasoro hiyo wakati wa kupimwa. Kwa hiyo saa inaweza kubisha hodi. Kazi ya kufungua mlango na kumtazama aliyekuja hubaki kwa daktari.

2. Yale isiyoyafanya

Mlitaka inilinde na presha. Ndugu zangu, saa hii haiwezi kunitajia namba ya presha yangu. Baadhi ya saa za kampuni hiyo sasa huweza kuonya, baada ya kukusanya habari za siku 30, kwamba huenda presha iko juu, basi. Zipo za kampuni ya Samsung zinazotaja namba, lakini mvaaji hana budi kuirekebisha saa kwa kipimo cha kawaida cha mkononi kila baada ya siku 28. Maadamu kipimo hicho chahitajika hata hivyo, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya saa, mwenye presha na aanze nacho.

Kwa wenye kisukari nina neno zito zaidi. Mitaani huuzwa saa zinazodaiwa kupima sukari pasipo kutoboa ngozi. Mwezi Februari 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitahadharisha kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote ya kupima sukari kwa njia hiyo. Mgonjwa akijidunga insulini kwa kufuata namba ya uongo, anaweza kupoteza maisha. Watangazieni watu wenu jambo hili.

3. Gharama isiyoandikwa dukani

Saa hii ya dola 799 hudumu saa 36 hivi kwa chaji moja, na ndugu zake wa bei nafuu zaidi wa wakati ilipotoka walidumu saa 18. Huku kwetu umeme ukikatika siku mbili, huwa bangili tu. Tena huzeeka upesi. Mwaka 2015 kampuni hiyo iliuza saa ya dhahabu kuanzia dola 10,000. Kufikia mwaka 2018 saa ile haikuweza tena kupokea programu mpya. Dhahabu ilikuwa bado dhahabu, lakini saa ilikuwa imeachwa nyuma. Linganisheni na ile Casio ndogo ya plastiki, F-91W, iliyoanza kuuzwa mwaka 1989: betri yake hudumu takriban miaka saba, nayo inauzwa hadi leo.

4. Wiki zangu nne

Wiki ya kwanza nilifurahi. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Nilihesabu hatua zangu kila jioni, hadi nilipogundua kwamba safari ya pikipiki kwenda kigangoni, katika barabara ile yenye mashimo, ilinihesabia hatua ambazo miguu yangu haikutembea.

Wiki ya tatu nilikwenda kumfariji mama mmoja aliyefiwa na mume. Alikuwa akinieleza usiku wa mwisho wa marehemu. Saa ikatetemeka, nami nikaitazama. Ulikuwa ujumbe wa kawaida tu. Mama yule akanyamaza, kisha akaniuliza kwa upole, "Baba, una haraka?" Nilimwambia sina, lakini hakuendelea na habari ile. Najua mlio na matetemo huweza kuzimwa. Nilikuwa sijazima.

5. Basi, inamfaa nani?

Humfaa yule ambaye daktari amemwambia afuatilie mapigo ya moyo wake, na mzee aishiye peke yake ambaye huenda akaanguka pasipo mtu kujua. Humfaa pia kiziwi, ambaye mtetemo humwamsha au humwita. Hao wana haja inayotajika. Anayetaka kujua saa, hatua na ujumbe ulioingia, hupata yote hayo katika mkanda wa mkononi wenye bei isiyofika hata sehemu ya kumi ya hiyo. Kwa mtu wa kawaida, na mimi nikiwamo, jibu langu ni kwamba haistahili bei yake.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. La kwanza, michango yote irudishwe kwa kila aliyetoa, kwa kufuata daftari. Msiihamishie kwenye shughuli nyingine, hata iwe njema kiasi gani, kwa kuwa fedha iliyoombwa kwa jambo moja haiwi ya jambo jingine bila idhini ya mwenyewe. La pili, viongozi waende nyumbani kwa wale waliosomwa majina, wakawaombe radhi. Nami nitafuatana nao, kwa sababu zawadi ilikuwa yangu.

Baada ya hapo, mtu akipenda kwa hiari yake, na tununue vipimo viwili vya presha vya mkononi, kimoja cha parokia na kimoja cha kigango. Wauguzi tulio nao watatufundisha kuvitumia kila Jumapili baada ya Misa. Nitakuwa wa kwanza kukunja mkono wa shati.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Kabla ya kununua kitu cha bei kubwa, je, tunaweza kuitaja haja yake kwa sentensi moja?
2. Je, kipo kitu cha bei nafuu kinachotimiza haja hiyohiyo?
3. Katika michango yetu, mtu asiye na uwezo hulindwaje asiaibishwe?