Fedha Zifuate Maamuzi, Si Kalenda

(Mada iliyotolewa kwa kamati za maendeleo za sharika na wafadhili, Mchikichini, Dar es Salaam)



Mada yetu inahusu miradi ya kutengeneza bidhaa, kama vile sabuni ya maji, batiki na unga wa lishe. Andiko la mradi wa namna hii mara nyingi hugawa fedha kwa robo mwaka. Robo ikiisha na taarifa ya matumizi ikiwa safi, fungu linalofuata hutolewa. Lakini taarifa safi ya matumizi haielezi kama yupo mtu anayeitaka sabuni hiyo. Mradi unaweza kufika mwisho ukiwa na hesabu zilizokaguliwa vizuri na stoo iliyojaa mali isiyouzika.

Tunapendekeza mradi ugawanywe kwa hatua, na mwisho wa kila hatua pawe na kituo cha maamuzi. Robert Cooper wa Kanada aliuandika utaratibu huu kwa ajili ya viwanda katika miaka ya 1980. Hata hivyo, si mgeni hapa Mchikichini. Anayeanza biashara ya mitumba soko la Karume hununua belo moja, hulifungua, huona kinachouzika, ndipo huamua kuhusu la pili.

Tuchukue mfano tunaoutumia kila siku, yaani M-Pesa. Serikali ya Uingereza na kampuni ya Vodafone zilichangia fedha za kuianzisha nchini Kenya. Wazo la awali lilikuwa kuwasaidia wakopaji wa taasisi ya Faulu kurejesha mikopo kwa simu. Majaribio yalianza Oktoba 2005, Nairobi na Thika, kwa wateja wasiofikia 500. Wahusika walipotazama matumizi, waliona watu wakitumiana fedha kwa shughuli zao wenyewe, huku marejesho ya mikopo yakiwa magumu kuoanisha na vitabu vya taasisi. Hapo ndipo uamuzi ulipofanyika: suala la mikopo likawekwa kando, na huduma iliyozinduliwa na Safaricom Machi 2007 ikawa ya kutuma fedha. Ilifika Tanzania mwaka 2008. Kama fedha zile zingefuata andiko la kwanza neno kwa neno, pengine tusingekuwa na huduma hii.

Sasa tuseme kikundi cha akina mama kinaomba mtaji wa sabuni ya maji. Vituo vinaweza kuwa vinne.

Kwanza, wazo. Wanakikundi waende Kariakoo wakaulize bei ya malighafi na ya chupa, waone sabuni zilizopo zinauzwa kwa kiasi gani. Gharama ikizidi bei ya sokoni, tunaishia hapo, na tumetumia nauli tu.

Pili, sampuli. Watengeneze ndoo chache na kuuza. Wasiuze nje ya kanisa baada ya ibada, maana waumini hununua ili kuunga mkono kikundi. Wawauzie wenye maduka wasiotufahamu, kisha wahesabu wangapi wameagiza mara ya pili.

Tatu, viwango. Wapitie SIDO, shirika la viwanda vidogo, ambalo huwatambulisha wajasiriamali wadogo kwa Shirika la Viwango (TBS). Bila alama ya ubora, maduka makubwa hayatafunguka.

Nne, uzalishaji. Hapa tu ndipo mashine inunuliwe na chumba kipangishwe.

Katika kila kituo jibu ni moja kati ya matatu: endelea, rekebisha, au simama. Vigezo viandikwe kabla ya hatua kuanza. Anayeamua asiwe mwandishi wa andiko peke yake. Awepo mfanyabiashara wa usharika na mjumbe asiye na hisa kwenye kikundi. Fedha za hatua inayofuata zibaki benki hadi muhtasari wa kikao utiwe saini.

Jibu gumu ni kusimama. Kampuni kubwa nazo hulitoa: Vodacom ilianzisha M-Pesa Afrika Kusini mwaka 2010, ikaifunga mwaka 2016 kwa kukosa wateja wa kutosha. Kwetu mjumbe huogopa kusema simama kwa sababu mfadhili ataona usharika umeshindwa, na mwakani hatarudi. Hofu hiyo ndiyo inayomaliza sadaka za watu na hisa za akina mama waliojinyima ili wachangie.

Kwa hiyo tunawaomba wafadhili wakubali kwa maandishi kwamba mradi uliosimamishwa kituo cha pili, na fedha zake zilizobaki zikaonekana, umesimamiwa vema. Nanyi wajumbe, mtakaporudi sharikani, chukueni andiko moja lililo mezani, mwandike pembeni mahali pa kila kituo, na jina la atakayekuwa na haki ya kusema simama.