Nipe mji

(Mazungumzo katika jioni ya familia)

Nimeombwa niseme juu ya Kiswahili nyumbani, nami sitawahubiria. Nitawategea.

Katika nyumba nyingi ninazotembelea hapa Marekani, mtoto wa miaka 10 ndiye anayesoma barua ya shule na kuongea na mwenye nyumba. (Hospitalini msimtumie mtoto. Ombeni mkalimani, ni haki yenu na hamlipi.) Mzazi anauliza, mtoto anajibu, siku nzima. Kwenye kitendawili mambo yanageuka: mwenye jibu ni mzazi.

Anzeni na vyepesi. Kitendawili! Tega! Nyumba yangu haina mlango: yai. Kila niendako ananifuata: kivuli. Hivi atavitegua haraka, maana mayai na vivuli viko kila mahali.

Halafu leteni vigumu. Kuku wangu ametagia miibani: nanasi. Mtoto aliyezoea nanasi la kopo, limekatwa vipande, ataijulia wapi miiba? Wanangu wawili hugombana mchana, usiku hupatana: mlango. Mlango wa apatimenti ni ubao mmoja. Hajaona mbao mbili zikiachana asubuhi, kila moja upande wake, na kukutana jioni chini ya komeo.

Baadhi yenu mmeniambia vitendawili vya namna hii havifai tena huku. Mimi naona hivi ndivyo vya kushikilia. Mtoto akishindwa, sheria ni ileile: "Nipe mji." Atakupa Columbus, au Chicago. Pokea, ndiyo miji anayoijua. Ukishapewa mji, zamu ni yako, naye lazima asikilize. Usikimbilie jibu. Mweleze mlango wa nyumba ya baba yako: ulikuwa wa mti gani, nani alikuwa anaufunga usiku. Wapo watoto humu ambao hawajasikia lolote juu ya nyumba iliyokuwepo kabla ya kambi, kwa sababu mzazi hajui aanzie wapi. Anzia mlangoni.

Mimi nimekulia Nyarugusu, na mlango wetu wa kwanza ulikuwa turubai. Mlango wa mbao mbili wa nyumba yetu kule Kongo niliujua kwa kitendawili cha bibi, miaka mingi kabla sijauona mwingine kama huo kwa macho.

Kwa vijana wanaosema hayo ni ya watoto wadogo, wapeni hili. Mtu ana chui, mbuzi na mzigo wa majani ya mihogo. Mtumbwi unambeba yeye na kimoja tu. Asipokuwepo, chui atamla mbuzi, na mbuzi atakula majani. Avukeje? Waacheni wahangaike, hata siku mbili.

Jibu: anamvusha mbuzi, anarudi mtupu. Anamvusha chui, anarudi na mbuzi. Anamwacha mbuzi, anavusha majani, anarudi mtupu, kisha anamchukua mbuzi. Mtumbwi umekata mto mara 7. Wengi hukwama kwenye kumrudisha mbuzi, hawafikirii kwamba aliyekwisha kuvushwa anaweza kurudishwa.

Walimu wengi wa hapa wanalijua fumbo hili kwa mbwa mwitu na kabichi. Mtoto wako akalitege darasani kwa chui na majani ya mihogo, na mwalimu akishindwa, naye atoe mji.