Mwiko wa Mwashi: Chombo, Neno na Kamusi



Yamkini wamo humu ukumbini waliosoma tangazo la mhadhara huu wakadhani kwamba nitazungumzia mambo yaliyokatazwa na mila. Dhana hiyo si ya ajabu, kwa sababu neno mwiko limebeba maana tatu: katazo, upawa wa kusongea ugali, na chombo cha mwashi. Juu ya maana ya kwanza tumeandika mengi. Ya pili inajulikana kila jikoni. Ya tatu ndiyo ninayokusudia kuitetea leo, maana aghalabu kamusi zetu huipa mstari mmoja na kuiacha hapo.

Mwashi mwenyewe ni neno lenye nasaba njema. Limetokana na kitenzi aka, yaani kujenga kwa mawe, kwa kanuni ile ile iliyotupa mwandishi kutokana na andika na mpishi kutokana na pika. Ajabu ni kwamba mtoto amebaki na mzazi anatoweka: wanafunzi wengi wanamjua mwashi, lakini ni wachache watakaosema kwamba ukuta huu umeakwa. Kuhusu mwiko, naona kwamba jina lilihama kutoka jikoni kwenda kazini kwa njia ya mkono. Asongaye ugali huchota, hugeuza na hukandamiza. Na mwashi naye hufanya hayo hayo katika karai lake.

Sasa natuingie dukani. Kijana aliyemaliza mafunzo ya uashi akiagizwa anunue mwiko, anunue upi? Wa kupangia matofali una bapa la pembe tatu lenye ncha, na urefu wake huwa baina ya sentimita 25 na 28. Wa kujazia na kusafishia viungo vya ukuta una umbo lilo hilo ila ni mdogo sana, yapata sentimita 12 au 15. Wa lipu hauna ncha kabisa: ni bapa la mstatili, na mpini wake umekaa mgongoni. Vyombo hivi vitatu kazi zao hazibadilishani, na kamusi inayosema tu kwamba mwiko ni chombo cha kupakia saruji haimsaidii kijana yule wala mfasiri wa kitabu cha ufundi.

Ubora nao una msamiati wake. Mwiko mzuri huwa bapa na shingo yake vimefuliwa kutokana na kipande kimoja cha chuma cha pua. Ule wa bei rahisi huwa shingo imechomelewa juu ya bapa, na hapo ndipo unapokatika. Mnunuzi huukandamiza ubavuni kidogo aone kama bapa litarudi mahali pake likiachiwa. Kisha huushika kana kwamba yuko kazini, atazame kama mpini umeinuka vya kutosha vidole visikwaruzwe na ukuta. Mkubwa huchota zaidi, lakini uzito wake wote huishia kwenye kifundo cha mkono, na anayeanza kazi asione haya kuchagua mdogo. (Wanaakiolojia, nao, waliuazima ule mdogo wa viungo wakaufanya chombo chao kikuu cha kufukulia; wanafunzi wa fani hiyo wanaufahamu vyema.)

Mtaniuliza: haya yote yanaihusu nini taaluma ya Kiswahili? Yanaihusu kwa sababu neno lisilopambanuliwa huweza kuharibu ukuta. Fikirini nyumba za mawe ya matumbawe za Lamu au za Mji Mkongwe wa Unguja, miji iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia, Mji Mkongwe mwaka 2000 na Lamu mwaka 2001. Nyumba hizo ziliakwa na kupigwa lipu kwa chokaa. Chokaa haigandi kama saruji. Hukomaa polepole kwa kuvuta kaboni dioksidi iliyomo hewani. Lipu yake ikisuguliwa mno kwa chuma ingali mbichi, chokaa laini hupanda juu na kuziba vinyweleo. Nje huonekana nyororo, ndani hubaki dhaifu, na unyevu wa ukuta hukosa pa kutokea. Ndiyo maana mwiko hutumika kuipaka, bali kuisawazisha hufanywa kwa ubao. Mwongozo wa ukarabati ukiandika tu “sawazisha kwa mwiko”, fundi mtiifu atafanya hasa lile lisilotakiwa, na kosa litakuwa la mwandishi.

Wako wenzetu ambao, wakikabiliwa na hali hii, wangependa iundwe istilahi mpya kwa kila chombo. Mimi sikubaliani nao. Kiswahili kina njia nyepesi, nayo imo vinywani mwa mafundi: mwiko wa kujengea, mwiko wa viungo, mwiko wa lipu, ubao wa kusawazishia. Kihusishi cha a-unganifu na kitenzi cha kutendea vinamaliza kazi, na msikilizaji anaelewa bila kufundishwa. Tangu BAKITA ilipoundwa mwaka 1967 na TUKI ilipotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, istilahi za sayansi na utawala zimeshughulikiwa kwa bidii ya kusifiwa. Za uashi zingali zinangoja mtu aende na daftari penye ujenzi, akae kivulini karibu na timazi na pimamaji, aulize kila chombo kinaitwaje na kinafanya nini.

Hata hivyo, kidahizo kimoja twaweza kukiandika sasa. Napendekeza kisomeke hivi: mwiko, wingi miiko, chombo cha mwashi chenye bapa la chuma na mpini, wa kujengea, wenye ncha, wa kuchotea na kutandazia mchanganyiko baina ya matofali au mawe, wa viungo, mdogo, wa kujazia viungo vya ukuta, wa lipu, wa mstatili, wa kupakia lipu, taz. ubao wa kusawazishia.